Sauti ya Mtu Ndani ya Sikio: Juu ya Kuvipima Vipokea Sauti vya Bei Nafuu

Yakini wamo miongoni mwenu wasikilizaji wengi ambao maneno haya yanawafikia kwa simu ndogo ya mkononi na waya mwembamba ulioishia masikioni, na hao wanajua vyema kwamba waya ule ukichomolewa redio nayo hunyamaza, kwa kuwa katika simu za namna ile waya wa masikioni ndio eriali inayonasa mawimbi ya FM. Kitu chenye kazi mbili kubwa kiasi hicho, ya kuinasa sauti kutoka hewani na ya kuifikisha ndani kabisa ya kichwa cha mtu, aghalabu hununuliwa kwa haraka kuliko bidhaa nyingine yoyote iliyomo dukani: mnunuzi hutazama rangi, huuliza bei, hutoa fedha, akaenda zake. Nia yangu leo ni kuzungumza juu ya namna ya kukipima kitu hicho, yaani kipokea sauti cha waya kinachoingia ndani ya tundu la sikio, ambacho vijana hukiita iyafoni, na hasa kile cha bei ndogo. Maana mwenye mali nyingi akichagua vibaya hununua kingine kesho, lakini mwenye fedha haba akichagua vibaya hukaa na uchaguzi wake huo mwaka mzima.

Na ninalotaka kulisema nitalisema mapema, ili anayepita njiani akasikia maneno machache tu asitoke mikono mitupu. Kipokea sauti hupimwa kwanza kwa sauti ya binadamu. Kikiweza kuileta sauti ya mtu unayemjua kwa sura yake ya kweli, bila kuitia ukali usiokuwamo wala kuifunika kwa uzito wa ngoma, basi mengineyo yote yaweza kusamehewa; na kikishindwa hapo, hakuna besi, wala umbo, wala jina lililochapwa kwa dhahabu, litakalofidia hasara hiyo.

Bei si hakimu wa jambo hili, na kulisema hilo si kuwafariji maskini. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya jimbo la Illinois, Marekani, iliyoasisiwa na Mead Killion, mtu aliyekuwa ameitumikia elimu ya vifaa vya kuwasaidia wenye usikivu hafifu, ilitoa vipokea sauti vilivyoitwa ER-4, ambavyo ni miongoni mwa vya awali kuingia ndani ya sikio kwa kusudi la kusikiliza muziki kwa usahihi mkubwa. Vilikuwa vya thamani ya mamia ya dola, na mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kuvifikia. Kisha miaka ikapita, viwanda vya China vikajifunza, vipimo vya kisayansi vikatoka katika maabara ya wachache vikaenea mikononi mwa wengi, na ilipofika mwaka 2022 kampuni ya Moondrop ya mji wa Chengdu ikatoa kipokea sauti kiitwacho Chu, na kampuni ya 7Hz ikatoa Salnotes Zero, kila kimoja kwa bei ya dola 20 hivi, na wajuzi wa vipimo wakavisifu vyote viwili kuliko vingi vilivyouzwa kwa fedha mara tano au zaidi. Kabla ya hapo, katika mwaka 2017, mtafiti Jeroen Breebaart alikuwa amekwisha chapisha ulinganisho wa vipokea sauti 283, vya kuvaa kichwani na vya kutia sikioni, akatazama mwendo wa sauti wa kila kimoja na bei yake, wala hakuona uhusiano baina ya mambo hayo mawili. Mwenye shilingi kidogo, kwa hiyo, hakunyimwa sauti njema. Alichonyimwa, kama amenyimwa, ni maarifa ya kuichagua.

Maarifa hayo hayapatikani kwenye boksi. Chukua boksi lolote la vipokea sauti katika maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue kule Nairobi, na karibu kila moja litakuambia kwamba kilichomo hutoa sauti tangu mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Hicho ndicho kiasi ambacho sikio changa la binadamu huweza kusikia, na kukichapa juu ya boksi ni sahali. Lakini halisemwi lile lililo muhimu, nalo ni kwamba katika masafa hayo marefu sauti gani imeinuliwa na ipi imedidimizwa, na kwa kadiri gani. Vipokea sauti viwili vyaweza kuwa na maandishi yaleyale, ilhali kimoja huileta sauti ya mwimbaji mbele yako na kingine humzika chini ya besi. Kadhalika usishawishike na hesabu ya spika ndogo zilizomo ndani. Iyafoni iitwayo KZ ZS10, mathalan, ina spika 5 kwa kila sikio, na baada yake zimetoka nyingine zenye idadi kubwa kuliko hiyo. Lakini spika nyingi zisizopatanishwa huleta mvurugano, na Chu pamoja na Salnotes Zero, ambazo nimezitaja kwa sifa, zina spika moja tu kwa kila sikio, yenye upana wa milimita 10: utando mwepesi uliogundishwa kwenye koili ya waya mwembamba mbele ya sumaku, ambao hupigwa na umeme wa muziki kama vile kiwambo cha ngoma kinavyopigwa na kiganja.

Hapa ni lazima tuingie kidogo ndani ya sikio lenyewe, kwa kuwa pasipo kujua umbile lake hatuwezi kujua kwa nini kipokea sauti hiki hupiga makelele na kile husinzia. Tundu la sikio ni kijia chenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, kilicho wazi upande wa nje na kilichozibwa upande wa ndani na ngoma ya sikio. Njia ya namna hii ina tabia ya kuitikia na kuikuza sauti ya kiasi maalumu, nayo kwa sikio la mtu mzima ni jirani ya mitetemo 3,000 kwa sekunde. Tangu kuzaliwa kwetu tumeisikia dunia yote kupitia ukuzaji huo. Sauti ya mama, mlio wa jogoo, adhana, kengele ya shule, vyote vimetufikia vikiwa vimeinuliwa mahali hapo, na akili imezoea kwamba hivyo ndivyo vitu vinavyolia. Sasa ukichukua kipokea sauti ukaliziba tundu lile, ile hali ya kuwa wazi kwa nje huondoka, na ukuzaji wa kimaumbile huharibika pamoja nayo. Imempasa mtengenezaji aurudishe kwa hila ya ufundi, akiinua sauti za kiasi kile ili akili idanganyike kwa heri na kuona kwamba sikio lingali wazi. Akipunguza mno, mwimbaji hurudi nyuma na maneno yake huwa hafifu, hata ukadhani ameziba mdomo kwa shuka. Akizidisha mno, kila sauti hupayuka, na baada ya nyimbo mbili tatu kichwa huuma. Kule Marekani kampuni ya Harman, kwa uongozi wa mtafiti Sean Olive na wenziwe, ilitumia miaka mingi kuwasikilizisha watu wengi bila kuwaonyesha wanachokisikiliza, ikitafuta kiasi ambacho walio wengi hukiridhia, na mchoro uliotokana na kazi hiyo ndio ambao viwanda vingi vya vipokea sauti vya bei nafuu huutazama hivi leo vinapokata shauri. Huo ni ukarimu mkubwa wa elimu, na sijui kama wanunuzi wa mitaani wamewahi kuambiwa jinsi walivyofaidika nao.

Lakini hata kipokea sauti kilichotengenezwa kwa hekima yote hiyo huharibiwa na jambo dogo, nalo ni kile kipira laini cha silikoni kinachovikwa kwenye shingo yake. Ndani ya boksi aghalabu huwamo jozi tatu za vipira, vidogo, vya kati na vikubwa, na watu wengi huvitumia vile vilivyokwisha vikwa kiwandani, vingine vikabaki ndani ya kifuko hadi vikapotea. Kipira kikiwa kidogo kuliko tundu, huacha mwanya, na kwa mwanya huo sauti nene hutoroka zote, ukabaki na muziki mkavu usio na mgongo. Ndipo mtu hukilaumu kipokea sauti kwamba hakina besi, ilhali besi ilikuwamo nayo ikatoka nje. Fanya hivi: shika sehemu ya juu ya sikio kwa mkono wa pili, ulivute kidogo juu na nyuma ili njia inyooke, kisha utie kipokea sauti kwa kukizungusha taratibu, na usubiri. Kikikaa sawasawa utasikia kelele za nje zikishuka ghafula, na sauti yako mwenyewe ukisema neno itavuma ndani ya kichwa. Tena usishangae sikio la kulia likitaka kipira cha kati na la kushoto likitaka kikubwa. Masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane. Muuzaji mwungwana atakuruhusu kujaribu, nawe kwa upande wako uje na vipira vyako safi, kwa sababu ya afya, maana kitu kilichotoka katika sikio la mtu si cha kutiwa katika sikio la mwingine pasipo kusafishwa.

Baada ya hapo ndipo ipimwe sauti ya mtu. Mimi hupenda kuanza kwa kumsikiliza msomaji wa taarifa ya habari, bila muziki wowote, katika rekodi iliyo safi. Lugha yetu ina s, z na sh kwa wingi. Sentensi haipiti bila ya kukutana nazo, na herufi hizi huishi katika sauti nyembamba, kati ya mitetemo 5,000 na 8,000 hivi kwa sekunde, mahali ambapo vipokea sauti vya bei ya chini hukosea zaidi kuliko penginepo. Mwache msomaji aseme serikali, shehena, zawadi, mashauri na masikitiko. Kama kila s inachoma mithili ya sindano, kifaa hicho kina ukali uliopita kiasi, na usitumaini kwamba utauzoea, kwa kuwa sikio huchoka upesi kuliko linavyozoea. Kama s na f zinafanana hata huwezi kuzitenga, basi sauti nyembamba zimezimwa kupita kiasi. Kisha umsikilize mwanamume na mwanamke kwa zamu, uone kama sauti ya mwanamume imevimba kifuani kuliko desturi, dalili ya kwamba besi imepanda hadi katika makazi ya usemi, kosa ambalo wanunuzi wengi huliona kuwa sifa.

Kutoka hapo nenda kwenye taarabu, na sisemi hivi kwa mapenzi tu, ingawa mapenzi yapo. Taarabu ya Unguja ya vikundi kama Culture Musical Club hukusanya mahali pamoja karibu kila aina ya sauti ambayo kifaa chaweza kuulizwa: ganuni ambayo kila uzi wake ukidonolewa huanza kwa ukali na kufifia kwa ulaini, udi, fidla kadhaa zinazotembea lahani moja, ambazo katika kifaa duni huwa fidla moja nene isiyo na watu, kodiani inayovuta pumzi, dumbak, na lile fidla kubwa la besi linalopigwa hali limesimama, ambalo uzi wake mzito kuliko zote hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Sikiliza uzi huo. Katika kipokea sauti chema utasikia kidole kikiugusa, kisha noti, kisha noti ikikoma kabla ya ile inayofuata. Katika kile chenye besi ya kishindo noti zote huungana zikawa mvumo mmoja, na mvumo huo huifunika ganuni hata ukapoteza nusu ya mashairi ya mikono ya mpigaji. Mwishowe msikilize mwimbaji Bi Kidude, ambaye aliaga dunia mwaka 2013 na kutuachia rekodi za sauti yenye mikwaruzo na nguvu, sauti iliyopita katika umri mrefu bila kuomba radhi. Kipokea sauti kinachoilainisha mikwaruzo ile kimemdhulumu yule bibi, nami nasema hivyo kwa dhati kabisa, kwa kuwa mikwaruzo ile ndiyo yeye.

Rekodi za kale mno zina fundisho lake. Mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na vyombo vya wakati ule havikunasa besi ya chini wala wembamba wa juu kama vya leo; kilichonaswa ni eneo la katikati, penye usemi na uimbaji. Ukiisikiliza rekodi ya wakati huo kwa kifaa chenye ukali, mchakacho wa santuri hukufukuza kabla hujaipata sauti. Kwa kifaa kilichosawazika, mchakacho hukaa pembeni na Siti husimama katikati. Hizo si rekodi za kupimia besi, bali za kupimia insafu ya katikati, na kwa hilo hazina mfano.

Ukilinganisha vipokea sauti viwili, hakikisha vinalia kwa nguvu sawa. Sikio la binadamu, kama walivyoonyesha watafiti Fletcher na Munson katika mwaka 1933, haliusikii uwiano wa besi na sauti nyembamba kwa namna moja katika kila kiwango. Sauti ikipanda, besi huonekana kujaa zaidi, na kile kinacholia kwa nguvu hushinda hata kama ni duni. Muuzaji anayekupa cha kwanza kwa sauti ya chini na cha pili kwa sauti ya juu, ajue au asijue, amekwisha kukuchagulia. Na hapa linaingia jambo la afya, ambalo kwangu ni sehemu ya thamani ya kifaa wala si nyongeza. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha desibeli 80 kwa saa 40 za juma kuwa mpaka wa salama kwa mtu mzima, na kiasi kikifika desibeli 90 muda wa salama hushuka hadi saa 4 tu kwa juma zima. Abiria wa daladala au wa matatu ambaye vipira vyake havizibi vyema hupandisha sauti ili aishinde injini, na injini ile haishindwi ila kwa kulijeruhi sikio. Kipira kinachoziba barabara humwezesha asikie kila neno kwa sauti ya wastani. Ila akishuka barabarani na avitoe vyote viwili, maana uzibaji uleule uliomkinga na kelele humkinga pia na honi ya bodaboda.

Imebaki thamani ya kukaa na kitu. Vipokea sauti vya waya havina betri inayochakaa, na spika zake zilizokingwa dhidi ya jasho na nta huweza kuimba miaka mingi. Kinachokufa ni waya, na hufia mahali pawili: karibu na plagi, ambapo hukunjwa kila mtu anapotia simu mfukoni, na pale juu unapoingia katika mwili wa kipokea sauti. Kwa sababu hiyo, nikiulizwa nichague kati ya Chu ile ya kwanza na Salnotes Zero, ambazo kwa sauti ni jamaa wa karibu, zote zikiwa na usemi ulio wazi na besi ya kiasi isiyo ya kishindo, mimi humchagulia mwanafunzi Salnotes Zero, maana waya wake huchomoka na kubadilishwa kwa fedha kidogo, ilhali waya wa Chu ile umeshikamana na mwili wake, ukikatika ni fundi mwenye mkono mwepesi tu atakayeuokoa. Apendaye besi ya kutikisa kifua hatazipenda zote mbili, wala si dhambi kuipenda besi. Ila na aitafute mahali pengine akijua anachokitoa ili aipate. Pia na ajihadhari na vile vinavyouzwa vikiwa na nembo za kampuni mashuhuri kwa sehemu ya kumi ya bei yake. Hivyo si nafuu, ni vya bandia, na kifaa kisicho na jina kilichojaribiwa sikioni ni bora kuliko jina lililoibwa.

Neno la mwisho ni la tundu la plagi. Tangu Apple ilipoliondoa katika iPhone 7, mwaka 2016, simu nyingi zimefuata mkondo huo, na mwenye simu ya namna hiyo hulazimika kununua kiunganishi kifupi cha kuingiza katika tundu la chaji. Viunganishi hivi kwa macho ni sawa, lakini ndani vimetofautiana: kimoja kina kijisakiti cha kuigeuza sauti ya tarakimu kuwa umeme unaoweza kuitikisa spika, na kingine ni nyaya tupu zinazoitegemea simu ifanye kazi hiyo, na simu nyingi haziifanyi. Anayeuza kwa haraka huenda asijue ana kipi mkononi. Kichomeke katika simu yako mwenyewe, palepale dukani, piga sauti ya mtu, usikilize masikio yote mawili, na pokezana maneno machache na rafiki kwa simu uone kama maikrofoni nayo inaitika, kabla fedha haijatoka mfukoni.